Mteja kashalipa, sasa anataka mzigo uende anwani nyingine: soma kabla hujamjibu "sawa"

Lenzi_Kuukuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nauza kamera na lenzi zilizotumika mtandaoni, huu ni mwaka wa saba. Leo asubuhi nimekuta meseji hii kwenye inboksi ya soko ninalouzia:

"Habari. Nimenunua ile lenzi jana usiku. Samahani sana, anwani iliyomo kwenye akaunti ni ya nyumba niliyohama. Naomba unitumie kwenye hii mpya. Natanguliza shukrani."

Chini yake ameweka anwani ya mji mwingine kabisa.

Ni meseji ya mtu mstaarabu na huenda kila neno lake ni kweli. Ila moyo ulinilipuka, maana miaka minne iliyopita nilipokea inayofanana nayo, nikajibu "hamna shida ndugu", nikachana lebo ya kwanza, nikachapa nyingine. Ilikuwa bodi ya kamera, yaani kamera yenyewe bila lenzi, kitu cha bei kubwa kuliko vyote nilivyokuwa nimeuza hadi siku ile. Mzigo ukafika, ukasainiwa. Wiki tatu baadaye likafunguliwa dai kwamba haujafika. Nikawasilisha namba ya kufuatilia mzigo, picha ya saini, na skrinishoti ya mnunuzi mwenyewe akiniomba nibadilishe anwani. Jibu lilikuwa mistari miwili: mzigo haukwenda kwenye anwani iliyo kwenye oda, kwa hiyo dai ni halali. Kamera ikaenda, na pesa zikaenda.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Mwenye akaunti hakunidanganya. Akaunti yake ilikuwa imedukuliwa. Mtu aliingia, akanunua kwa kadi iliyokuwa imehifadhiwa mle, kisha akaniandikia kwa jina lake. Mwenyewe alishtuka alipoona makato kwenye kadi. Aliyelipa na aliyeniandikia walikuwa watu wawili, na mimi kwenye skrini nilimwona mmoja.

Tangu siku hiyo nimesoma masharti ya masoko na ya kampuni za malipo mstari kwa mstari, na nimeelewa kitu ambacho natamani ningeambiwa mapema. Kila oda ya mzigo inayolipiwa sokoni inabeba anwani ndani yake. Hiyo ndiyo anwani watakayoifungua siku ya ugomvi, na meseji haiibadilishi. Mnunuzi anaweza kukuandikia mara kumi, akakupigia hata simu, kumbukumbu ya malipo itabaki na ile ya kwanza. Kwa hiyo kabla hujajiuliza kama mteja ni mkweli, jiulize kumbukumbu ile itasema nini mwezi ujao mtu akilalamika.

Soko la eBay wanalieleza wazi kwenye mwongozo wa wauzaji: ili ulindwe, tuma kwenye anwani iliyo kwenye oda, mnunuzi akitaka nyingine, futa oda, anunue upya akiwa ameweka anwani sahihi. PayPal, kampuni ya malipo, nao Ulinzi wa Muuzaji wao umefungwa kwenye anwani inayoonekana katika ukurasa wa maelezo ya muamala. Ukipeleka kwingine, hata kwa nia njema, umejitoa mwenyewe kwenye ulinzi huo. Na mnunuzi ana siku 180 tangu alipe za kufungua mgogoro PayPal. Nusu mwaka! Wewe umeshasahau hata kitu chenyewe kilikuwa na mkwaruzo upande gani.

Meseji ya leo nimeijibu hivi, mwenye kutaka aichukue kama ilivyo:

"Habari na asante kwa kununua. Nakuelewa kabisa, kuhama kuna mambo mengi. Mfumo unanitaka nitume kwenye anwani iliyolipiwa tu, la sivyo mzigo hauna ulinzi kwako wala kwangu. Naomba nifute oda hii sasa hivi, pesa zako zirudi zote, kisha uweke anwani mpya kwenye akaunti na kununua tena. Nikishaona malipo, natuma siku hiyo hiyo."

Nasubiri jibu lake. Nyie mnafanyaje?

Mama_Vitabu

Asante kwa uzi huu kaka, pole kwa kamera.

Mimi nauza vitabu, nimeshapata maombi ya namna hii mengi sana, na nasema kwa dhati kwamba karibu yote yalikuwa ya watu wema. Simu inajaza anwani yenyewe, mtu anabonyeza "lipa" bila kutazama, dakika mbili baadaye anashika kichwa. Au ni zawadi: ananunua kwa akaunti yake, anataka kifike kwa mama yake. Au amejaza jina la mtaa akasahau namba ya ghorofa.

Nachoomba tu ni tusiwajibu kama watuhumiwa. Jibu lako liko vizuri kwa sababu umesema "mfumo unanitaka", hukumwambia "kuna matapeli wengi siku hizi". Mtu mkweli akisikia neno tapeli anaumia, na ana haki ya kuumia.

Swali: hiyo ya kusahau namba ya ghorofa nayo ni kubadilisha anwani? Mtaa ni ule ule, mji ni ule ule.

Lenzi_Kuukuu

@Mama_Vitabu dada, umegusa penyewe. Hilo mimi nalitenganisha. Uthibitisho wa kufika ambao eBay wanautaka ni ule unaoonyesha mzigo umewasilishwa, tarehe, na anwani ya mpokeaji angalau kwa kiwango cha mji au posta kodi, ile namba ya eneo la posta. Ukiongeza namba ya mlango kwenye jengo lile lile, mji na posta kodi vinabaki vile vile, kwa hiyo rekodi ya msafirishaji na ya oda zinakubaliana. Hapo naongeza namba kwenye lebo, nahakikisha ombi limekuja ndani ya mfumo wa soko, natuma.

Ila posta kodi ikibadilika hata tarakimu moja, kwangu hiyo ni anwani mpya. Na jina la mpokeaji likibadilika pamoja na mtaa, sijadili hata kidogo, nafuta oda.

Boksi_Tupu

Mimi napingana na mleta uzi. Mnawasumbua wateja bure. Nimebadilisha anwani mara nyingi tu na sijawahi kupigwa. Mteja ukimwambia "nafuta, nunua tena" nusu yao hawarudi. Umepoteza biashara kwa sababu ya woga.

Lenzi_Kuukuu

@Boksi_Tupu mkuu, kwanza unauza nini? Siulizi kwa ubaya.

Boksi_Tupu

Kava za simu na chaja.

Lenzi_Kuukuu

Basi hatupingani sana. Kava ikipotea unasikitika, unatuma nyingine, maisha yanaendelea. Kwako gharama ya kumpoteza mteja ni kubwa kuliko gharama ya kava, na huo ni uamuzi wa mfanyabiashara anayejua hesabu yake. Ninachosema ni kwamba ujue unapobadilisha anwani unaubeba mzigo mwenyewe, hakuna atakayesimama nyuma yako. Ukiweza kuubeba bila kutikisika, badilisha. Mimi bodi ya kamera ilinitikisa miezi mitatu.

Halafu hawa watu wanachagua. Mtu aliyeshika kadi ya wizi anatafuta vitu vinavyouzika haraka: simu, kompyuta mpakato, kamera, saa. Ndiyo maana wewe hujapigwa na mimi nimepigwa.

Mgeni_wa_Duka

Samahani wakuu, mimi ni mgeni kwenye haya mambo, nina duka langu mwenyewe la mtandaoni, siuzi kwenye soko la mtu. Kwangu mfumo unaniruhusu kuhariri anwani kwenye oda kabla sijatuma. Naona kuna kitufe kabisa. Sasa kama mfumo wenyewe unaruhusu si ina maana ni salama?

FundiRedio

@Mgeni_wa_Duka hapana ndugu yangu, na hapa ndipo wengi wenye maduka binafsi wanapoumia. Kitufe kile kinabadilisha anwani kwenye duka lako. Benki iliyotoa kadi haioni kitufe chako.

Nieleze kidogo maana nimeshapitia. Mteja anapolipa kwa kadi, kuna ukaguzi unaitwa AVS, unatumika hasa Marekani, Kanada na Uingereza. Unalinganisha namba za anwani na posta kodi alizoandika mlipaji na zile benki inazo. Angalia vizuri: unakagua anwani ya mwenye kadi, yaani anwani ya bili. Anwani ya kupelekea mzigo haiguswi. Mtapeli mjanja anajua hilo. Anaweka anwani halisi ya mwenye kadi kote kote, bili na mzigo, oda inapita safi bila alama nyekundu hata moja. Pesa zikishaingia ndipo anakuja kwa sauti ya upole: "samahani, naomba ubadilishe." Ombi la kubadilisha ndiyo njia yake ya kuuzunguka ukaguzi. Angeandika anwani yake tangu mwanzo, mfumo ungekuonyesha tofauti na pengine ungesita.

Mwenye kadi akija kugundua, benki yake inavuta pesa kutoka kwako kwa nguvu, ndiyo wanaita chajibaki. Kwa Visa malalamiko ya kadi kutumiwa na mwizi bila kadi yenyewe kuwepo yamepewa namba 10.4, na ya mzigo kutofika ni 13.1. Ukipata karatasi ya dai tafuta namba hiyo kwanza, maana ushahidi unaotakiwa kwa 10.4 ni tofauti na wa 13.1. Mimi mara ya kwanza nilijibu dai la wizi kwa kutuma uthibitisho kwamba mzigo umefika. Ndiyo, ulikuwa umefika, kwa mwizi. Nilikuwa nimewathibitishia kesi yao.

Ukiwa na duka lako washa uhakiki wa 3-D Secure, ule unaomtaka mlipaji athibitishe kwa benki yake wakati analipa. Malipo yakihakikiwa hivyo, kwa kawaida hasara ya kadi ya wizi inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Lakini haukusaidii kwenye dai la "sijapokea", kwa hiyo anwani bado ni muhimu.

Mgeni_wa_Duka

Dah. Asante sana mkuu. Kwa hiyo mimi nifanyeje mteja akiomba? Duka langu dogo, nikimwambia anunue tena ataona usumbufu.

FundiRedio

Kwa kitu cha bei ndogo: usijibu tu ile meseji iliyokuja. Fungua oda, chukua barua pepe au simu iliyoandikwa kwenye oda wakati wa kulipa, muulize kupitia hiyo: "nimepata ombi la kubadilisha anwani ya oda yako, ni wewe?" Ombi likiwa limetoka kwenye barua pepe mpya isiyo kwenye oda, simama hapo hapo. Usimuulize namba ya kadi kwa hali yoyote, hata tarakimu zake chache.

Kwa kitu cha bei kubwa: rudisha pesa, alipe upya. Na pesa zirudi kwenye njia ile ile zilikotoka. Akisema "nirudishie kwenye akaunti nyingine, ile kadi nimeifunga", hapo umeshapata jibu lako. Ukimtumia kwingine, mwenye kadi atakuja kudai na utalipa mara mbili.

Kitu kimoja cha kujua mapema: PayPal ukirudisha pesa hawakurudishii ada waliyokata mwanzo. eBay ukifuta oda kwa utaratibu wao, makato yao ya mauzo yanarudi. Iingize kwenye hesabu zako usije ukashangaa.

Karani_wa_Mizigo

Wadau, nimefanya kazi kampuni ya vifurushi miaka kadhaa, upande wa kupokea na kupanga mizigo. Naona mnazungumzia kabla ya kutuma tu. Kuna ombi la baada ya kutuma, na ndilo baya zaidi.

Mnunuzi siku hizi hahitaji hata kukuomba. UPS wana My Choice, FedEx wana Delivery Manager, DHL wana On Demand Delivery. Mpokeaji anaingia mwenyewe na namba ya mzigo, anaelekeza upelekwe kwingine au ushikiliwe kituoni. Wewe umelala. Kwa watu wema ni huduma nzuri, inasaidia mtu asiyekuwepo nyumbani. Lakini PayPal wameandika waziwazi kwamba mzigo ukitumwa kwenye anwani sahihi kisha ukaelekezwa kwingine njiani, ulinzi wa muuzaji umekwisha. Kwa hiyo umetuma kila kitu sawasawa na bado unabaki wazi.

Dawa yake ipo: mtumaji mwenye akaunti ya biashara anaweza kuiomba kampuni ya usafirishaji izuie mpokeaji kubadilisha mahali pa kupeleka. Waulize kabla, kila kampuni ina jina lake na ada yake. Kwa mzigo wa thamani hiyo ada ni ndogo.

Na mnunuzi akikwambia "usihangaike, nitatuma msafirishaji wangu aje kuchukua" au "tumia akaunti yangu ya usafirishaji", kataa. Akaunti ikiwa yake, amri zote ni zake: anageuza mzigo anavyotaka na wewe huna hata haki ya kuuliza umeishia wapi.

Mama_Vitabu

Karani, na mimi nikiwa nimeshatuma halafu mteja mkweli kabisa anasema anwani ni ya zamani, mzigo uko njiani. Nifanye nini?

Karani_wa_Mizigo

Dada, omba urudi kwako. Usiombe uende anwani mpya. Posta ya Marekani wana huduma inaitwa Package Intercept, mtumaji analipa ada wanajaribu kuudaka mzigo kabla haujatoka na mtu wa kugawa. UPS na FedEx nao mtumaji anaweza kuomba usimamishwe. Haifanikiwi kila mara. Ikishindikana, mara nyingi mzigo wa mtu aliyehama unarudi wenyewe kama hayupo wa kuupokea.

Ila usirudishe pesa kabla boksi halijarudi mikononi mwako na hujalifungua. Nimeona wauzaji wanarudisha pesa kwa huruma siku ya kwanza, kisha mzigo unawasilishwa kama kawaida.

Na jamani, nikiwa hapa hapa, kuna hasara isiyo na mtapeli ndani yake. Anwani imebadilishwa kwa utaratibu, kila kitu halali, halafu muuzaji anabandika lebo mpya juu ya boksi lenye lebo ya zamani upande wa pili. Mashine ya kupanga mizigo haisomi nia yako, inasoma msimbo pau, ile mistari myeusi ya lebo. Boksi linapita kwenye mkanda, kamera zinalitazama kutoka juu na pembeni, zinakuta misimbo miwili. Hapo ama linatupwa pembeni lisubiri mtu, ama linaenda kule kwa zamani. Nilikuwa nayaona kila zamu: lebo mbili, moja imekatwa kwa mstari wa kalamu, msimbo wake bado unasomeka vizuri tu. Kalamu haiui msimbo pau. Ichane lebo yote, au uifunike yote kwa karatasi isiyopitisha mwanga.

Lenzi_Kuukuu

Hii ya kalamu sikuijua kabisa. Mimi ni mmoja wa wapiga mstari. Asante mkuu.

Niongeze na la kwangu linalofanana: ninachapa lebo za siku nzima asubuhi kwa mpigo. Mteja akirekebisha namba ya mlango saa nne, narekebisha kwenye kompyuta, naridhika, na lebo ya saa mbili bado imelala kwenye trei pamoja na wenzake. Jioni nikiwa na haraka naibandika ile ile. Ilishanitokea. Sasa ombi lolote la anwani likiingia, kabla sijagusa kompyuta naenda kwenye trei, naitoa lebo, naichana. Kompyuta baadaye.

Boksi_Tupu

Sawa nimesoma yote, naanza kuelewa. Lakini mbona anwani za wale mawakala wa kusafirisha mizigo nje mnazikubali? Pale mzigo unafika ghalani kisha unapelekwa nchi nyingine. Si ni kubadilisha anwani vile vile?

FundiRedio

Swali zuri. Tofauti ni wakati. Anwani ya wakala iliandikwa kwenye oda tangu mwanzo, ndiyo iliyolipiwa. Ukifikisha pale, umefikisha. eBay kwenye dhamana yao kwa mnunuzi wamesema mzigo ukisafirishwa kwingine baada ya kuwasilishwa mara ya kwanza, dhamana haimfuati tena. Kwa hiyo muuzaji pale yuko mahali pazuri kuliko anayebadilisha anwani kwa meseji. Utaijua kwa namba ndefu baada ya jina la mtu au kwenye mstari wa pili wa anwani. Usiifute hiyo namba ukidhani ni makosa, ndiyo inayomtambulisha mteja wao ghalani.

Ila oda ikilipiwa kwa anwani ya nyumbani, kisha mteja anaomba iende kwa wakala, hiyo ni ile ile ya mleta uzi. Futa.

Na anwani ikihama nchi au hata jimbo, kuna suala la kodi pia. Masoko makubwa yanakokotoa kodi ya mauzo kwa kufuata mahali mzigo unakokwenda. Ukibadilisha pembeni, kodi iliyokatwa ni ya mahali pengine, na gharama ya usafiri uliyomtoza siyo yenyewe.

Mama_Vitabu

Kuna kitu kingine nataka kukisema kwa ajili ya wauzaji wa Uingereza na Ulaya, maana wanafikiri sheria ya nchi itawaokoa. Uingereza kuna Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015, kifungu cha 29: bidhaa inabaki kwenye hatari ya mfanyabiashara mpaka ifike mikononi mwa mnunuzi au mtu aliyetajwa na mnunuzi. Umoja wa Ulaya wana kitu kama hicho kwenye Direktivu 2011/83, kifungu cha 20. Ukisoma "mtu aliyetajwa na mnunuzi" unaweza kusema basi, meseji yake imemtaja mtu, nimeshinda.

Kwa mnunuzi halisi aliyeomba mwenyewe, maandishi hayo yana uzito mbele ya hakimu. Lakini soko na PayPal hawakai kama mahakama, wanafuata masharti yao uliyoyakubali wakati wa kujiunga. Na ikiwa aliyeandika ni mdukuzi, mnunuzi hakumtaja mtu yeyote. Kwa hiyo yahifadhi maandishi, lakini usiyaegemee peke yake.

Mgeni_wa_Duka

Wakuu mimi leo nimejifunza mengi. Swali la mwisho: saini inasaidia?

Lenzi_Kuukuu

Inasaidia ikiwa anwani ni sahihi. Kwa wauzaji wa Marekani, eBay na PayPal wote wanataka uthibitisho wa saini oda ikifika dola 750, bila saini huna ulinzi hata kama mzigo umefika. Lakini saini iliyochukuliwa kwenye anwani isiyo ya oda, nimeshawaambia ilivyonisaidia.

Boksi_Tupu

Vipi yule wa lenzi, amejibu?

Lenzi_Kuukuu

Wakuu, mrejesho.

Alijibu baada ya saa mbili hivi. Hakukasirika. Aliuliza kitu kimoja tu, kwamba pesa zikirudi baada ya siku kadhaa yeye hana nyingine za kununulia kwa sasa, na anaogopa mtu mwingine asiichukue lenzi. Hilo nililielewa, maana kwenye kadi nyingi marejesho hayaonekani siku hiyo hiyo, na mtu mwenye pesa ya kuhesabu hawezi kulipa mara mbili. Nikafuta oda, nikachagua sababu ya tatizo la anwani ya mnunuzi, kisha nikaiacha lenzi nje ya soko kabisa. Nikamwambia: pesa zikifika niandikie, naipandisha ukiwa umeshika simu. Picha zake ninazo, haitoki kabatini.

Siku nne kimya. Nikiri kwamba siku ya tatu nilianza kuwaza vibaya juu yake.

Leo mchana akaandika, "zimerudi". Nikaipandisha, ndani ya dakika moja ikanunuliwa. Nikafungua oda kuchapa lebo, na anwani iliyotokea ni ile ya nyumba aliyohama! Simu yake ilikuwa imejaza yenyewe tena. Alikuwa ameiongeza mpya kwenye akaunti lakini ya zamani ndiyo ilibaki chaguo la kwanza.

Nilimwandikia kwa upole kadiri nilivyoweza. Alinitumia skrinishoti, nikamwonyesha mahali pa kubonyeza ili mpya iwe ya kwanza, na ya zamani nikamwomba aifute kabisa. Nimefuta oda mara ya pili. Lenzi imerudi kabatini, kwenye boksi lake, bila lebo, na jina lake nimeliandika juu kwa penseli. Tunasubiri pesa zake tena. Amesema atanunulia kwenye kompyuta mara hii, na kabla hajabonyeza atanisomea anwani herufi kwa herufi.

Mama_Vitabu

Kaka, ukishatuma turudie hapa utuambie kama imefika.